Sala na dawa kwa mtoto mwenye selimundu: Mzazi asilazimishwe kuchagua

Mzazi Mkristo mwenye mtoto anayeugua selimundu huulizwa maswali kutoka pande mbili. Kliniki anaulizwa kama mtoto amemeza dawa zake zote. Kanisani, na mara nyingine nyumbani kwake mwenyewe, anaulizwa kama kweli anaamini. Taabu huanza pale anapoambiwa kwamba jibu la swali la kwanza linaharibu jibu la swali la pili: kwamba kuendelea na dawa baada ya kuombewa ni kumtilia Mungu shaka.

Wapo wazazi wanaoacha dawa kwa sababu hiyo. Hawafanyi hivyo kwa uzembe. Wanampenda mtoto, wamechoka kumwona akilia usiku, na wameambiwa na mtu wanayemheshimu kwamba hatua inayobaki ni moja tu: kuamini kikamilifu. Ndiyo maana suala hili linahitaji kuzungumzwa kwa upole, lakini pia bila kuficha. Mtoto mwenye selimundu anayeachishwa dawa anaweza kufa kwa homa ambayo kwa mtoto mwingine ingekuwa ya siku tatu.

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi. Chembechembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara na laini. Kwa mgonjwa hubadilika umbo, zikawa ngumu na zilizopinda kama mundu. Hunasa kwenye mishipa midogo na kuzuia damu isipite, ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Pia hufa mapema. Chembechembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu huishi siku 10 hadi 20. Mtoto hubaki na upungufu wa damu karibu wakati wote.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 au zaidi kila mwaka. Kwa hiyo katika ibada ya Jumapili kwenye kanisa kubwa la mjini, ni rahisi kukuta zaidi ya familia moja inayobeba mzigo huu kimya kimya.

Nani alikosea?

Mara nyingi jambo la kwanza linaloisumbua familia ni swali la nani amesababisha.

Mtoto alizaliwa salama, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipokaribia miezi sita, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia akishikwa. Macho yakaanza kuwa ya manjano. Kwa ndugu wanaotazama, inaonekana kama kuna kitu kimeingia. Mama anaulizwa alimpitisha wapi mtoto, nani alimbeba, nani alimtazama vibaya. Wengine wanaanza kutaja laana ya ukoo.

Maelezo ya kitabibu ni rahisi kuliko hayo. Mtoto huzaliwa akiwa na aina ya hemoglobini aliyokuwa akiitumia tumboni, na hiyo humkinga. Katika miezi ya mwanzo mwili huibadilisha taratibu na kuleta ile atakayoishi nayo. Kwa mtoto mwenye selimundu, kinga hiyo inapopungua ndipo dalili hutokea. Ugonjwa haukuingia mwezi wa sita. Ulikuwepo tangu mimba ilipotungwa.

Wala haukuletwa na mama peke yake. Ili mtoto augue, lazima apokee kinasaba kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba kimoja kimoja bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kupata mtoto anayebeba kinasaba kama wao, na asilimia 25 wa kupata asiye nacho kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Ndiyo maana familia inaweza kupata watoto watatu wazima, wa nne akaugua, na watu wakaanza kutafuta kilichoharibika hapo katikati. Hakuna kilichoharibika.

Kwa nini kinasaba hiki kimejaa huku kwetu? Mwaka 1954, daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki, ulioonyesha kwamba anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa vizazi vingi, watu hao walinusurika zaidi kwenye maeneo yenye mbu wengi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wakakirithisha kwa watoto wao. Wanachokiita wengine laana ya ukoo kiliwahi kuwa kinga ya babu na bibi.

Mkristo anayetaka kusikia jambo hili kutoka kwenye Biblia anaweza kusoma sura ya tisa ya Injili ya Yohana. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimuuliza Yesu aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakuna andiko lililo karibu zaidi na mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi. Mwenzi anayemtupia mwenzake lawama, au wakwe wanaodai mke arudishwe kwao, hawana pa kusimama hapo.

Utulivu unaofanana na uponyaji

Selimundu ina tabia moja inayowachanganya wazazi na hata watumishi wa Mungu. Huja na kuondoka.

Mtoto anaweza kulazwa wiki mbili kwa maumivu, akatoka, kisha akakaa miezi minne au zaidi akicheza na wenzake bila kulalamika. Kama katikati ya hapo aliombewa, au alipakwa mafuta, au alinyweshwa maji ya upako, familia itaunganisha mambo hayo mawili. Ushuhuda utatolewa. Dawa zitawekwa kabatini, na siku ya kliniki itapita.

Lakini utulivu huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mara nyingi pia ni matunda ya dawa zilezile zilizoachwa. Damu ya mtoto haijabadilika, na hilo linaweza kuthibitishwa. Kipimo cha kutambua aina ya hemoglobini, kilekile kilichotumika kugundua ugonjwa, kinaweza kurudiwa. Mungu akiponya, kipimo hakitampinga. Katika Injili, hata wenye ukoma waliotakaswa waliagizwa waende wakajionyeshe kwa kuhani, ambaye kwa sheria ya wakati ule ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuthibitisha.

Hivyo kanuni iwe hii: pima kwanza, ongea na daktari, ndipo dawa iguswe. Ushuhuda ukichelewa kwa mwezi mmoja haudhuru kitu. Dawa ikiachwa kwa mwezi mmoja, mtoto anaweza kudhurika.

Watanzania wana kumbukumbu ya jambo linalofanana na hili. Mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya nchi walipanga foleni ndefu za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana zaidi kama Babu. Kikombe kiliuzwa Sh500, na kilisemekana kutibu magonjwa sugu, ukiwemo Ukimwi na kisukari. Wengi walirudi wakisema wanajisikia vizuri. Wapo walioacha dawa zao, ingawa wataalamu wa afya waliwasihi wasifanye hivyo. Virusi vya Ukimwi na kisukari, kama selimundu, vinaweza kukaa kimya kwa muda huku vikiendelea kuharibu mwili ndani kwa ndani. Kujisikia nafuu na kupona ni vitu viwili tofauti.

Walioamini na bado wakaugua

Anayeambiwa kwamba mwenye imani haugui, au haugui kwa muda mrefu, afungue tena Agano Jipya.

Mtume Paulo, ambaye aliombea wagonjwa wakapona, aliomba mara tatu aondolewe kile alichokiita mwiba mwilini. Haukuondolewa. Alimwacha mwenzake Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito aliugua karibu kufa. Timotheo alikuwa na tumbo la kumsumbua mara kwa mara, na Paulo hakumkemea kwa imani haba. Alimshauri atumie divai kidogo, iliyokuwa tiba ya siku zile. Katika safari za Paulo alikuwepo Luka, ambaye Waraka kwa Wakolosai unamtaja kwa upendo kama tabibu.

Agano la Kale nalo lina kisa cha mfalme Hezekia. Aliugua, akalia, akaomba, na nabii Isaya akamletea habari kwamba ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imetolewa tayari. Hata hivyo Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, na mfalme akapona. Hakuna aliyeona kwamba tini zile zilimpunguzia Mungu sifa.

Makanisa yenyewe yameishi kwa imani hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha Hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ya Kanisa Katoliki, na KCMC mjini Moshi, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, zote zilifunguliwa mwaka 1971 na leo ni hospitali za rufaa za kanda. Mzazi anayempeleka mtoto Bugando asubuhi anaingia kwenye jengo lililosimamishwa na watu waliokuwa wakisali.

Dawa zinafanya nini

Mzazi akijua kazi ya kila dawa, huwa vigumu kumshawishi aiache.

Penisilini hutolewa mara mbili kwa siku hadi mtoto afikishe miaka mitano, kwa sababu bandama, kiungo kinachosaidia kupambana na bakteria hatari, huharibika mapema kwa watoto hawa. Foliki asidi husaidia mwili kutengeneza damu mpya. Chanjo, chandarua na dawa ya kukinga malaria ni muhimu, kwa kuwa malaria kwa mtoto mwenye selimundu inaweza kumaliza damu kwa kasi. Ile kinga ya malaria ni ya anayebeba kinasaba kimoja. Mtoto mwenye viwili haimsaidii hivyo.

Dawa inayobadilisha zaidi maisha ya wengi ni haidroksiurea. Huuongoza mwili kutengeneza tena ile hemoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kenya kwa watoto zaidi ya 600, ukachapishwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha matukio ya maumivu na malaria yakipungua kwa takriban nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Dawa hii hutolewa kwa maelekezo ya daktari na damu hupimwa mara kwa mara, hivyo haifai kununuliwa kiholela wala kugawana na mtoto wa jirani.

Upandikizaji wa uloto, ambao unaweza kuponya kabisa, sasa umeanza kufanyika nchini katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hata hivyo huhitaji mtu wa kuchangia anayelingana na mgonjwa, mara nyingi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na si kila mtoto anampata.

Mfungo, mkesha na ubatizo

Yapo mambo ya kanisani ambayo hayana kosa lolote, lakini yanahitaji kurekebishwa kidogo kwa ajili ya mtoto huyu.

Mfungo wa kutokunywa maji haumfai. Mwili ukikauka, chembechembe zake hupinda na kunasa kwa urahisi. Wazazi wanaweza kufunga kwa niaba yake. Yeye anywe maji, mengi na mara kwa mara, hata siku ya maombi ya familia.

Baridi nayo huamsha maumivu. Mkesha wa kwenye uwanja wa wazi mwezi wa saba si mahali pake. Akienda, avae sweta, soksi na kofia, na apate pa kulala. Kwa makanisa yanayobatiza kwa maji mengi, mchungaji aelezwe mapema ili ichaguliwe siku ya jua, na mtoto akaushwe mara moja.

Walimu wa shule ya Jumapili wajue kwamba mtoto huyu ataomba kwenda chooni mara nyingi, kwa sababu figo zake zinashindwa kubana mkojo. Kwa sababu hiyohiyo anaweza kukojoa kitandani hadi akiwa mkubwa. Si uvivu na si pepo. Asichapwe, asikemewe, asitangazwe.

Mzazi asisubiri ibada iishe

Hali zifuatazo ni za kwenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku na hata kama maombi yanaendelea:

- Homa inayofika nyuzi 38 au zaidi.
- Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua.
- Kupauka ghafla kwa viganja, midomo na macho, au kulegea.
- Tumbo kuvimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, hasa kama limevimba ghafla.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kuongea au kupata degedege.
- Maumivu yasiyopungua kwa dawa alizopewa za nyumbani.
- Kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu bila kulala.

Mama anaweza kuomba akiwa kwenye bodaboda. Baba anaweza kuomba akiwa kwenye foleni ya maabara. Maombi hayo hayana upungufu.

Kanisa linaweza kubeba nini

Familia yenye mtoto mwenye selimundu huishiwa nauli, huishiwa siku za kuomba ruhusa kazini na huishiwa usingizi. Hapo ndipo imani ya wengine inapoweza kuonekana kwa macho.

Jumuiya au kikundi cha wanawake kinaweza kujua tarehe ya kliniki na kuchanga nauli. Vijana wa kwaya wanaweza kwenda pamoja kuchangia damu kwenye kituo cha damu salama, kwa kuwa watoto hawa ni miongoni mwa wanaoihitaji mara nyingi. Jirani anaweza kukaa na watoto wengine wakati mama amelazwa na mmoja. Wachumba wanaofundishwa ndoa wanaweza kushauriwa wapime vinasaba kabla ya harusi, ili wajue wanachokiingia na wapange wakiwa na taarifa.

Mchungaji, padri au mzee wa kanisa ana nafasi ya pekee. Sentensi yake moja baada ya maombi, kwamba "dawa endeleeni nazo, na kliniki msikose," inaweza kuokoa maisha. Inamwondolea mama hofu kwamba akimpa mtoto kidonge atakuwa anamsaliti Mungu.

Wakati jibu halijaja

Hata dawa zikitumika vizuri, mzazi hana hakika ya kesho. Wapo wenye selimundu waliosoma, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa, na idadi yao inaongezeka. Wapo pia watoto waliopelekwa kliniki kila mwezi, wakaombewa kila siku, na bado wakafa. Mafundisho yoyote juu ya kumtumaini Mungu yasiyo na nafasi kwa wazazi wa watoto hao yana kasoro.

Kumwambia mama aliyefiwa kwamba hakuamini vya kutosha ni kumwongezea msiba wa pili. Yesu mwenyewe, usiku wa kukamatwa kwake Gethsemane, aliomba aepushwe na mateso, akakubali mapenzi ya Baba, na mateso yakaja. Hakuna Mkristo anayethubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Kitabu cha Zaburi nacho kimejaa maombi ya watu waliochoka, wanaomuuliza Mungu hadi lini. Maombi hayo hayakufutwa kwenye Biblia. Mzazi anayelia na kuuliza hajaacha kuamini. Bado anazungumza na Mungu.

Kwa hiyo, kwa familia nyingi, kumtumaini Mungu katika ugonjwa huu huwa jambo la kila siku na la kawaida sana. Ni kuamka na kupima dawa ya mtoto, kujaza chupa yake ya maji ya shule, kumfunga sweta na kumwombea mlangoni. Kisha kumwachia Mungu yale ambayo mzazi hayawezi, bila kumwachia yale ambayo mzazi anayaweza.